Bakuli la Mwanangu

Nakaanga samaki mtaani Makorora, Tanga, mbele ya nyumba ya mama mkwe wangu, kila siku baada ya alasiri. Vibua, changu, na tasi wakipatikana. Wateja wananijua kwa ndimu na pilipili, na wananijua kwa mdomo pia, maana nikiguswa sinyamazi. Mama mkwe ameishi nami miaka akiniambia neno lilelile: "Punguza sauti, mwanangu, nyumba ina majirani." Nayataja haya mapema ili ieleweke kilichoniuma mwaka ule mwanangu alipogoma kukua. Watu hudhani mtoto aliyekonda katoka nyumba isiyowasha moto. Wangu alikonda hatua tatu kutoka kwenye karai la samaki.

Alikuwa msichana, wa kwanza kwangu, amevuka mwaka na miezi kidogo. Alizaliwa na mwili wake, akanyonya vizuri. Alipoanza kukaa mkekani na kula na sisi, nilijisifu kwa kila aliyenisikiliza: mtoto wangu mwepesi, halilii chakula, hasumbui. Gauni lake la Idi lilimkaa miezi na miezi bila kulegezwa mshono, nami nikasema hayo nayo ni baraka. Ujinga wa mtu mzima una raha zake.

Wa kwanza kulitamka lile neno alikuwa wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, aliyekuwa akiishi nasi na mabinti zake wawili. Alimwinua mwanangu kwapani, akampima kwa mikono, akamrudisha chini. "Wifi, huyu kabemendwa," akasema, kama mtu anayesema mvua itanyesha.

Asiyelijua neno hilo ana bahati. Maana yake ni kwamba wazazi hawakutulia. Ama mama katoka nje ya ndoa, ama baba, ama wote wawili wamerudiana baada ya uzazi kabla ya muda wanaouona watu kuwa wa heshima, na uchafu wa mambo yao umemwingia mtoto. Haliulizi mtoto kala nini. Linauliza mama yake kalala na nani. Na likishatamkwa barazani halirudi ndani.

Mume wangu anaendesha bajaji, siku nyingi yuko upande wa Raskazone akichukua watu wa maofisini. Neno lilimfikia hukohuko kijiweni kabla sijamwambia mwenyewe. Alirudi mchana ule akaniangalia jicho ambalo sijamsamehe sawasawa hadi leo. Nami, nisiseme uongo, nilimwangalia vilevile. Siku nzima tukawa tunachunguzana, huyu anakumbuka safari za yule, yule anakumbuka simu za huyu, na mtoto amekaa katikati yetu ananyonya kidole.

Mama mkwe hakulitamka neno lile hata mara moja. Nilidhani ni adabu yake, maana ni mtu wa adabu sana. Yeye alifunga kanga akaenda zake, akarudi na majani ya kuchemsha. Mtoto aogeshwe asubuhi saba, akasema, na sisi wazazi tunawe kwa maji yaleyale. Nilikubali. Huo ndio ukweli, na sina haja ya kujipamba: nilikubali kwa sababu nilichoka kuangaliwa. Asubuhi saba mwanangu alilia kwenye beseni, na ya saba alitoka ananukia vizuri na amekonda vilevile.

Tena nilifanya baya kuliko hilo. Niliacha kumpeleka kliniki. Miezi miwili sikwenda, kwa sababu foleni ya mizani ni mahali ambapo kila mama anaona mapaja ya mtoto wa mwenzake. Nikitoka naye nilipita vichochoroni, nimemfunika kanga mpaka kichwani, jua la Tanga likituchoma wote wawili. Watu wakiuliza, nasema kalala.

Kilichonitoa kwenye ujinga ule ni ukuta. Mwanangu alikuwa ameanza kusimama kwa kushika ukuta wa ukumbini, anatembeza viganja, anacheka. Siku moja nikagundua kwamba sijamwona akisimama tangu wiki iliyopita. Nikamsimamisha. Magoti yakakunjika, akakaa, akaniangalia bila kulia. Nilimwekea kijiko mbali kidogo ili akifuate. Alikitazama tu. Nikasema kwa sauti, "Basi." Nikamvalisha gauni lisilo na mikono, nikamweka kiunoni bila kumfunika kitu, nikapita barabara kubwa, mbele ya baraza zote. Waliotaka kuona mikono yake waliiona. Waliosalimia niliwaitikia, na walioinama kunong'ona niliwasalimia mimi kwanza, kwa majina yao.

Kliniki nesi alikuwa binti mdogo kwangu kwa umri, mkali, anatembea haraka. Alimtia mwanangu kwenye kile kijisuruali cha kitambaa, akamning'iniza kwenye mizani. Akachora nukta kwenye kadi. Mstari uliokuwa ukipanda ulikuwa umelala, kisha umeanza kuinama kutoka kwenye kijani. Akamzungushia utepe mkononi, ukasoma njano, rangi ya onyo. Ndipo akanusa kanga yangu, akasema, na foleni nzima ikasikia, "Mama, unanukia samaki hivi, halafu mtoto unamnyima?"

Wanawake walicheka. Nami nilimwambia, "Dada, umeshampima mtoto. Sasa unanipima mimi?"

Nesi akaniangalia, akashusha kalamu. Sijui kama alitegemea nilie. Akavuta kiti, akakaa, akaniuliza kwa sauti ya chini zaidi, "Haya, nisamehe. Anakula nini?"

"Tunachokula sote."

"Kiasi gani?"

"Anashiba."

"Mama, nimekuuliza kiasi gani."

"Anakula na sisi, sinia moja."

"Sijauliza na nani."

Mimi ninayemtazama kibua jicho nikajua amelala kwenye barafu siku ngapi, sikujua mwanangu mwenyewe anakula kiasi gani. Sinia halina mpaka. Likiisha, mmekula wote.

Nesi akaniambia mpe bakuli lake, lijaze, kaa naye mpaka amalize. Uji uwe mzito, usidondoke kwenye kijiko kama maji, utie karanga au tui. Samaki mchambue miiba, msage na mboga, usingoje akue. Maziwa ya kifua usimwachishe. Nilikuwa bado nina hasira naye, lakini maneno yake niliyabeba yote.

Mchana ule tulikuwa na bada, ule ugali wa muhogo, na mchuzi wa changu. Sasa lazima nieleze tunavyokula, maana kosa letu lilikuwa humo, ndani ya adabu yenyewe. Sinia linawekwa katikati ya mkeka. Mama mkwe, wifi, mimi na watoto tunalizunguka. Kila mtu anakula upande wake, anachovya kwenye mchuzi. Samaki hakuna anayemgusa. Kitoweo kinagawiwa mwisho, na anayekigawa ni mkubwa wa mkeka. Mtoto anayeukimbiza mkono kwa samaki mapema anapigwa kikofi: mlafi huyo, katoka wapi? Mwanangu hakuwahi kupigwa kikofi. Alikuwa mtoto wa adabu.

Siku ile sikula. Niliweka bakuli nyuma ya goti langu. Kila mwanangu alipopeleka tonge mdomoni, nami nilikata tonge sawa na lake, nikalitia bakulini. Mabinti wa wifi walikuwa wanakula kwa kasi yao ya kawaida, hawakumdhulumu mtu, ni watoto wana njaa. Mwanangu alikata kidogo, akachovya, mchuzi ukamiminikia gauni, akalamba vidole, akatazama kuku mlangoni. Upande wake wa sinia ukawa mweupe kabla hajageuka. Mama mkwe alipoanza kugawa samaki, mwanangu alikuwa ameshaegemea mguu wangu, macho yanafumba. Kipande chake alipewa mkononi. Akakishika. Akalala nacho, na paka akamaliza kazi.

Nilikwenda nyuma jikoni nikaangalia ndani ya bakuli. Matonge manne, kila moja kama tunda la kunazi. Muhogo na rangi ya mchuzi. Hicho ndicho alichokula mwanangu mchana, nacho ndicho alichokula jana, na juzi, na miezi yote niliyokuwa najisifu kwamba hasumbui. Nililia mpaka kanga ikalowa. Halafu nikanawa uso, kwa sababu kulia hakujazi bakuli.

Kesho yake nilinunua bakuli la plastiki, jekundu, lenye ukingo mpana. Kabla sinia halijapakuliwa, nikamega samaki huku chungu kikiwa bado motoni, kipande cha kati, nikakichambua mwiba mmoja mmoja, nikakisaga na mchicha na tui zito na viazi. Nikakaa na mwanangu kwenye mkeka uleule, pembeni ya sinia, na bakuli lake mapajani mwangu.

Mama mkwe aliacha kunawa. "Nini hicho?"

"Chakula cha mjukuu wako, mama."

"Na hapa kuna nini?"

"Hapo kuna chetu."

Akakausha mikono taratibu. "Katika nyumba hii," akasema, "hajapata kula peke yake ila mgonjwa na mchawi. Unamtenga mjukuu wangu. Keshokutwa utamtenga na mimi."

Wifi akaongeza lake: kitoweo kinaanzaje kumegwa kabla ya mkubwa? Hata huko bara haijasikika. Nami sikukusudia kupandisha sauti, ilipanda yenyewe.

"Mama, mwanao yuko wapi?"

"Mwanangu yupi?"

"Mume wangu. Chakula chake kiko wapi?"

Sote tulitazama pembeni ya mlango, mahali palipokuwa na sahani ya mume wangu, imefunikwa kawa. Chini ya ile kawa kulikuwa na kichwa cha changu na minofu yake, vimemegwa mwanzo kabisa, kabla ya mkono wa mtu yeyote, kama vinavyomegwa kila siku tangu nilipoolewa.

"Yule anakula peke yake," nikasema. "Si mgonjwa, si mchawi. Anawekewa kwa sababu anapigika na jua na anarudi amechelewa. Basi na huyu anachelewa. Mkono wake unachelewa. Naye nimemwekea."

Mama mkwe alisema tu, "Punguza sauti, nyumba ina majirani," akala matonge mawili, akainuka.

Nisidanganye kwamba kuanzia hapo mambo yalinyooka. Mwanangu mwenyewe alilikataa bakuli. Alitema, aligeuza uso, alilia akitaka sinia, maana kwenye sinia ndiko kwenye watu. Kijiko cha kwanza kilichukua muda wa kukaanga karai zima. Nilijifunza kumwimbia, nilijifunza kukaa kimya, nilijifunza kumwachia achezee chakula mpaka nywele zake zikanuka tui. Kuna siku nilikaribia kumlazimisha, nikamshika taya, akaniangalia, nikamwachia, nikaona aibu ya peke yangu. Samaki wangu wa biashara waliungua zaidi ya mara moja. Asubuhi uji mzito wa karanga, saa nne ndizi au papai, mchana bakuli, jioni bakuli, na kifua changu katikati ya hayo yote. Mashoga zangu wakasema nimekuwa mtumwa. Nikawaambia ndiyo, na bwana wangu ana meno sita.

Wifi alitangaza barazani kwamba nimemvunjia mama yake sinia. Mama mkwe kwa upande wake aliacha kukaa mkekani nikiwepo. Alikula chumbani kwake, akisema mgongo unamuuma. Hilo liliniumiza kuliko kelele za wifi, kwa kuwa mama mkwe ndiye aliyenipokea nyumba ile, ndiye aliyenikanda mgongo nilipojifungua, na nilimpenda. Nilimpelekea chakula chake kila siku kwa magoti mawili, nikamwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba akitazama ukuta. Lakini bakuli sikuliondoa.

Mume wangu ndiye aliyenishangaza. Mchana mmoja aliwahi kurudi, akamkuta mtoto anakula. Akafunua kawa yake, akakaa. Akatazama kile kichwa cha samaki na minofu. Kisha akamega nusu ya mnofu, akachambua miiba kwa vidole vyake vya grisi, akautia kwenye bakuli jekundu. Hakusema kitu juu ya lile jicho la siku ile, na hajasema mpaka leo. Kila siku akirudi mapema anamega. Nimeamua kulihesabu hilo kuwa ni maneno.

Kliniki nesi alichora nukta nyingine, ikapanda kidogo tu. Mwezi uliofuata ikapanda tena. "Mama wa samaki," akaniita, na safari hii nilicheka naye.

Ikafika siku niliyokuwa nje natayarisha makaa. Wateja wa mwanzo walishakaa barazani, na wifi katikati yao anasimulia. Nikaingia ndani kuchukua chumvi. Mwanangu alikuwa amesimama. Ameshika ukuta wa ukumbini kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili ameshika bega la bibi yake. Mama mkwe alikuwa amekaa chini sakafuni, miguu ameinyoosha, bakuli jekundu mapajani mwake. Anachota, anapuliza, anamtilia mtoto mdomoni. Niliogopa nikisema kitu ataliweka bakuli chini.

Hakugeuka. "Hii ni kazi ya yale majani," akasema. "Dawa inachelewa, lakini inafika."

"Sawa, mama."

Akalisha kijiko kingine. Kisha akauliza, "Wewe ulijuaje kwamba hashibi?"

Nikamwambia. Nikamwelezea bakuli nyuma ya goti, na tonge kwa tonge, na kile kipande alichompa mwenyewe mkononi, mtoto akalala nacho. Nilidhani atakasirika kwamba nilimpeleleza mkekani pake.

"Matonge mangapi?" akauliza.

"Manne."

Kijiko kikabaki hewani. Mwanangu alifungua mdomo akangoja, akakifuata mwenyewe, akakidaka.

"Wangu alikuwa akikaa mkekani, mkono wangu wa kushoto," mama mkwe akasema. "Alizaliwa baada ya wifi yako, kabla ya mumeo. Wa kiume. Hukuambiwa, hapa hatajwi. Alikuwa na adabu, mwanangu, hata wageni walimsifu. Hakuwahi kukililia kitoweo."

Nikakaa sakafuni.

"Walisema nimembemenda." Ilikuwa mara ya kwanza kulisikia neno lile kinywani mwake, na lilitoka kwa shida. "Baba yao akanirudisha kwa muda kwetu Ushongo. Kwetu wavuvi watupu, samaki wanatupwa ufukweni. Nikaogeshwa mie, akaogeshwa yeye. Akafia mikononi mwa mama yangu. Nami nilikubali. Sikupata kumjua mwanamume mwingine, ila nilikubali. Nikasema labda nimefanya jambo nisilolijua."

Nje walikuwa wanacheka barazani, wananiita, makaa yameshika. Mama mkwe alikuwa akitazama ndani ya bakuli, akikwangua kwa kijiko mahali ambapo hapakuwa na kitu.

"Hukumbemenda, mama," nikamwambia.

Akaacha kukwangua.

"Sema tena," akasema.

Nikasimama. Nikausukuma mlango wa mbele wote, wifi na wateja wakageuka kunitazama, nikalisema tena kwa sauti ninayouzia samaki: mama huyu hakumbemenda mwanawe, wala mimi sikumbemenda wangu, na mwenye la kusema aje alisemee hapa mlangoni. Nyuma yangu nilisikia kijiko kikigonga bakuli, na mama hakuniambia nipunguze sauti.